Sura ya Tano: Mwiko, Daftari na Mizinga ya Jirani

Katika ukingo wa magharibi wa mto Furati, pale mto unapotoka Uturuki na kuingia Syria, yako mahame ya mji wa kale uitwao Karkemishi, ambao wasomaji wa Biblia hulikumbuka jina lake kwa sababu ya vita vilivyopiganwa hapo kati ya mfalme wa Babeli na Farao wa Misri, na ambao wanafunzi wa akiolojia hulikumbuka kwa sababu nyingine tena: tangu mwanzo wa karne ya 20 wachimbaji wake wamefanya kazi ama vita vikinukia, ama vikipiganwa mbele ya macho yao. Mpaka wa dola mbili umeyakata mahame hayo vipande viwili. Katika hektari 90 hivi za mji wa zamani, hektari 55 zimebaki upande wa Uturuki, nazo 35 zimeangukia Syria. Reli waliyoijenga Wajerumani imepita papo hapo ikielekea daraja la mto. Na juu ya kilima kirefu, palipokuwa na ngome ya wafalme, leo pana kituo cha jeshi.

Sura hii inawahusu vijana waliokwenda mahali kama hapo kujifunza. Mtu akimfikiri mwanafunzi anayekwangua udongo ilhali mizinga inalia ng'ambo, aghalabu humfikiri kuwa ni shujaa au kuwa ni mpumbavu, na kwa maoni yangu si huyu wala si yule. Ni mtu mwenye kazi ndogo ndogo nyingi zenye kuchosha, na katika kazi hizo iko moja ambayo vita huipandisha cheo juu ya zote, nayo ni kuandika jambo la leo kabla jua la leo halijachwa. Hayo ndiyo nitakayojaribu kuyathibitisha.

Mji uliozoea vita

Karkemishi haukuwa mgeni wa mapigano. Katika karne ya 14 kabla ya Kristo, Suppiluliuma, mfalme wa Wahiti, aliuhusuru mji huu, akautwaa siku ya nane, akamtawaza mwanawe juu yake. Mwaka 717 K.K. Sargoni wa Pili wa Ashuru aliuteka, akawahamisha watu wake. Mwaka 605 K.K. Nebukadreza alilivunja hapo jeshi la Farao Neko, na habari hiyo imetajwa katika kitabu cha Yeremia. Hizo ni habari za wafalme, na wafalme huandikiwa na waandishi wao. Walakini wachimbaji walipoifukua nyumba moja ya mji wa nje walikuta ndani yake vichwa vya mishale kwa wingi, na alama za mhuri wenye jina la Neko, na ngao ya Kiyunani yenye uso wa kutisha wa Gorgoni, ambayo yamkini ilikuwa mali ya askari wa kukodiwa aliyetoka ng'ambo ya bahari kuja kuuza nguvu za mkono wake. Katika maandishi ya wafalme askari huyo hana jina. Sehemu yake katika tarikhi imehifadhiwa na mtu aliyeona vitu hivyo vikiwa mahali pamoja, katika chumba kimoja, juu ya sakafu moja, akayaandika hayo yote kabla ya kuviondoa.

Hapo msomaji na aelewe msingi wa kazi yenyewe. Kuchimba ni kuharibu. Kitabu kikisomwa hubaki rafuni kikimngoja msomaji mwingine, bali tabaka la udongo likichimbwa halirudi tena, na atakayekuja baadaye hana la kulisoma isipokuwa yale aliyoyaandika mchimbaji. Katika nchi yenye amani mwanafunzi mvivu anaweza kujidanganya kwamba atarudi mwakani kusahihisha alipokosea. Penye vita nafasi hiyo haipo, na watu wa Karkemishi waliyaona hayo mapema.

Kijana wa Oxford na nyapara wa Jerablus

Mwezi wa Machi 1911, Jumba la Makumbusho la Uingereza lilipeleka ujumbe wake Karkemishi chini ya D. G. Hogarth, na pamoja naye alikuwamo kijana wa miaka 22, T. E. Lawrence, aliyekuwa amepata shahada yake ya Oxford mwaka uliotangulia kwa tasnifu juu ya ngome za Wapiganaji wa Msalaba, na ambaye riziki yake ilitokana na msaada wa masomo uliotolewa na Magdalen College. Dunia ilimjua baadaye kwa mambo ya vita. Huko Karkemishi alikuwa mwanagenzi. Kazi yake ilikuwa kupiga picha, kupanga vigae vya vyungu, kunakili maandishi ya mawe, na kusuluhisha magomvi ya vibarua kwa Kiarabu alichokuwa akiendelea kujifunza. Mwaka 1912 usimamizi ulimwangukia Leonard Woolley, nao wawili wakakaa pamoja mpaka mwaka 1914 katika nyumba ya ujumbe waliyoijenga hapo hapo kwenye mahame, wakaisakifu kwa nakshi ya mawe ya zama za Warumi iliyopatikana jirani.

Walakini mwalimu wa kila siku wa mwanagenzi hakuwa Hogarth wala Woolley. Alikuwa Hamoudi, nyapara, mtu wa kijiji cha Jerablus, aliyeuongoza umati wa vibarua na aliyejua kuutazama udongo. Desturi ilikuwa kwamba kibarua anayekiona kitu hupewa bakshishi kwa kadiri ya thamani yake, ili asishawishike kukificha na kukiuza kando; na pamoja na bakshishi hiyo Hamoudi alikuwa akifyatua bastola hewani kumtukuza mwenye bahati, risasi chache kwa kitu kidogo, nyingi kwa kitu kikubwa, hata watu waliokuwa upande wa pili wa mahame wakaweza kupima kwa masikio yao ukubwa wa jambo lililoonekana. Kwa hiyo milio ya bunduki ilianza Karkemishi ikiwa ni milio ya furaha. Huyo Hamoudi ndiye aliyemuuguza Lawrence nyumbani kwake, kijana huyo alipoanguka kwa ugonjwa wa tumbo katika kiangazi cha 1911. Na kijana mwingine wa kijiji hicho, Dahoum, aliyeanza kwa kuchunga punda na kuchota maji, alifundishwa kupiga picha, akawa msaidizi wa kutegemewa.

Upande wa mto kazi nyingine ilikuwa ikiendelea. Wahandisi wa Kijerumani walikuwa wakijenga daraja la reli ya Baghdad, na vibarua wao walikuwa watu wa nchi ile ile. Mnamo Machi 1914 ugomvi wa mishahara katika kambi ya reli uligeuka kuwa mapigano ya bunduki baina ya Wakurdi waliodai haki yao na walinzi wa Wajerumani, na Woolley na Lawrence, waliokuwa na heshima kwa watu wale, waliingia kati kuzuia umwagaji wa damu usizidi. Miezi michache baadaye Vita Kuu vikaanza, na mahame yakafungwa.

Iko sehemu ya habari hii ambayo mwanafunzi wa leo hana budi kuijua, japokuwa haipendezi. Mwanzoni mwa mwaka 1914 Woolley na Lawrence waliitwa kwenda jangwa la Negebu pamoja na Kapteni Newcombe wa jeshi la Uingereza. Kwa dhahiri walikwenda kutafuta athari za kale kwa niaba ya Palestine Exploration Fund, ilhali nyuma ya pazia wanajeshi walikuwa wakichora ramani ya nchi ambayo haikuwa yao. Kazi ya kielimu iliyofanywa humo ilikuwa ya kweli, na kitabu chake kingali kinasomwa. Lakini kutokana na mambo ya namna hiyo kila askari wa mpakani, hata leo, akimwona mgeni mwenye kipimo, ramani na kamera, humdhania kuwa jasusi. Mwanafunzi anayesumbuliwa kituoni kwa muda wa saa mbili analipa deni lililokopwa na watu waliomtangulia.

Woolley alirudi Karkemishi vita vilipokwisha, akakuta askari wa Kifaransa wamelitwaa eneo lile, na wapiganaji wa Kituruki wakilipigania. Mwaka 1920 kazi ikasimama kabisa. Mwaka uliofuata Ufaransa na serikali ya Ankara zikapatana mpaka uandamane na njia ya reli, na mji ambao Suppiluliuma aliutwaa mzima ukagawanywa kwa kalamu. Baadaye mpaka huo ukategwa mabomu ya ardhini, na kwa muda wa miaka tisini mwanafunzi wa Karkemishi hakuwa na Karkemishi ya kuiona. Alikuwa na vitabu vitatu tu, kimoja cha 1914, cha pili cha 1921, na cha tatu kilichotoka mwaka 1952, Woolley akiwa mzee. Kila aliyefundishwa habari za wafalme wa mji huo, kina Suhi na Katuwa, na nakshi za mawe zilizopamba milango yao, alifundishwa kutoka katika kurasa hizo. Kilichoandikwa kikapigwa chapa kilidumu, na mengi ya yaliyoachwa nyumbani yakingojea msimu ujao yalipotea.

Siku ya mwanafunzi

Mwaka 2011, baada ya mabomu ya ardhini kuondolewa, Chuo Kikuu cha Bologna pamoja na vyuo vikuu vya Gaziantep na Istanbul, chini ya Nicolò Marchetti, vilianza tena kuchimba upande wa Uturuki. Kabla sijaeleza vita vilivyozuka ng'ambo mwaka ule ule, inafaa nieleze namna siku inavyopita katika machimbo ya nchi zile, maana asiyeijua siku ya kawaida hawezi kupima siku isiyo ya kawaida.

Kazi huanza alfajiri kabla jua halijapanda, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni joto, ambalo katika kiangazi cha bonde la Furati hufika nyuzi 40 na kuzidi. Ya pili ni mwanga: jua likiwa chini bado, vivuli huwa virefu, na tofauti ndogo ya rangi au ya umande juu ya udongo, ambayo saa sita haionekani kabisa, asubuhi hujidhihirisha waziwazi. Eneo hugawanywa viwanja vya mraba, aghalabu vya mita tano kwa tano, na kati ya kiwanja na kiwanja huachwa ukuta wa udongo usiochimbwa, ili matabaka yote yasomeke ubavuni mwake kutoka juu hadi chini. Mwanafunzi hupewa kiwanja chake, mwiko wake, brashi yake, karai la kuchukulia udongo, na daftari. Sururu hushikwa na aliyezoea, kwa kuwa pigo moja la sururu laweza kupita katika sakafu tatu za karne tatu.

Ugumu wa kwanza anaokutana nao ni tofali. Nyumba za nchi ile zilijengwa kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, na ukuta wa udongo uliozikwa katika udongo, uliozungukwa na matofali yaliyoanguka ambayo nayo ni udongo, hauna alama ya kumpokea mgeni. Mwanafunzi hukwangua polepole, hunyunyiza maji kidogo, kisha hungoja. Maji yakianza kukauka, tofali hukauka kwa namna yake na chokaa ya udongo iliyo kati ya tofali na tofali hukauka kwa namna yake, na kwa dakika chache mistari huonekana, mmoja kisha mwingine, mpaka uso wa ukuta mzima ukajitokeza ukiwa na safu zake. Hapo lazima achore upesi, kwani uso huo ukikauka kabisa mistari hupotea tena. Asiyejua kungoja huukata ukuta wenyewe akidhani ni kifusi, na kosa hilo nyapara hulitambua kwa mbali kwa mlio wa mwiko.

Kila kitu kitokacho hutiwa kibandiko. Kapu la vigae huandikwa tarehe, namba ya kiwanja, namba ya tabaka na jina la aliyelijaza; udongo wa mahali pa maana hupitishwa katika chekeche; na ule wenye majivu hutiwa majini ili mbegu zilizoungua zielee, maana mbegu chache za shayiri huweza kusema juu ya njaa ya mji kuliko sanamu ya mfalme wake. Kiasi cha saa nne watu hukaa kivulini kula mkate, jibini, nyanya na matango. Adhuhuri kazi ya nje hukoma. Alasiri vigae huoshwa kimoja kimoja, huanikwa juu ya mikeka kila kapu peke yake, kisha huchambuliwa: midomo ya vyungu, vitako na mikono huhifadhiwa kwa kuwa hiyo ndiyo itajayo zama zake. Magharibi ikikaribia, mwenye usingizi na asiye na usingizi huketi sawasawa mbele ya daftari.

Daftari hilo si shajara ya moyo. Huandikwa kilichoondolewa, kilichokuwa juu yake na kilichokuwa chini yake, rangi ya udongo, vipimo, michoro, picha zilizopigwa, na sababu iliyomfanya mtu aamini kwamba tabaka moja limekwisha na jingine limeanza. Huandikwa pia mashaka. Mwanafunzi mwema huandika kwamba mpaka wa shimo hili haukuwa dhahiri upande wa kaskazini, na sentensi hiyo moja humwokoa mtafiti wa miaka hamsini ijayo asijenge nyumba ya hoja juu ya mchanga.

Ng'ambo ya reli

Sasa tuweke vita kando ya siku hiyo. Mnamo Julai 2012 mji wa Jarabulus, ulio upande wa Syria mkabala na mahame, ulitwaliwa na waasi wa serikali ya Damascus. Mwanzoni mwa mwaka 2014 ukaangukia mikononi mwa kundi lililojiita Dola ya Kiislamu. Na tarehe 24 Agosti 2016 jeshi la Uturuki na wapiganaji wa Syria walioshirikiana nalo wakavuka mpaka na kulifukuza kundi hilo. Muda wote huo wachimbaji waliendelea na misimu yao upande wa kaskazini, chini ya ulinzi wa jeshi la Uturuki, nao waliweza kuuona kwa macho mji uliokuwa chini ya bendera nyeusi.

Vita vya jirani huingia machimboni kwanza kwa njia ya karatasi. Kibali ambacho zamani kilitolewa na idara ya mambo ya kale peke yake sasa hutaka idhini ya wenye silaha, majina huorodheshwa, picha za kutoka angani, ambazo ndizo macho ya akiolojia ya leo, huhitaji ruhusa na pengine hunyimwa. Kisha huingia kwa njia ya simu: mzazi aliyeona moshi katika televisheni hataki kusikia habari za tabaka wala za vigae, na chuo kilichompeleka mtoto wa watu hukumbuka kuwa kinaye mwanasheria. Mwalimu wa msafara hulazimika kuwa na mipango miwili kila siku, mmoja wa kazi na mmoja wa safari, na magari yake hayalali bila mafuta.

Mwisho huingia kwa sikio. Palipo na king'ora, maisha hupimwa kwa sekunde. Katika vita vya Gaza vya mwaka 2014, mtu aliyekuwa Ashkelon, mji wa pwani wenye mahame mashuhuri ya Wafilisti, alikuwa na kama nusu dakika tangu king'ora kulia mpaka roketi kufika, na nusu dakika haimtoshi mtu aliyeko chini ya shimo la mita tatu kupanda ngazi na kufika kwenye zege. Palipo na mizinga bila king'ora, watu hujifunza kupambanua: mlio wa kutoka na mlio wa kufika, wa mbali na wa karibu, wa mchana wa kawaida na wa siku ambayo si ya kawaida. Tabia ya binadamu ni kuzoea, na hapo ndipo ilipo hatari. Siku ya kwanza kila mlio humwinua mwanafunzi kutoka kiwanjani. Baada ya majuma mawili hauinui hata kichwa chake. Na mwalimu mwenye hadhari humwogopa huyu wa pili kuliko alivyomwogopa yule wa kwanza.

Lakini mwenye kudhani kwamba khofu ndiyo hali ya siku nzima hajakaa huko. Saa nyingi ni zile zile za vumbi, mgongo unaouma, utani juu ya chai isiyo na ladha, na mabishano kama kigae hiki ni cha zama za chuma au cha Warumi. Tofauti iko mahali pengine. Mwanafunzi ambaye nyumbani alikuwa akijaza daftari ili apate alama, hapo huanza kulijaza kwa sababu amekwisha kuelewa kwamba kesho huenda gari likamchukua saa kumi na moja alfajiri, na kiwanja chake kikabaki wazi kwa mvua, kwa wezi au kwa vifaru. Na kwamba yeye ndiye mtu pekee duniani aonaye pale anapotazama. Khofu ikimfunza mtu unyofu wa kuandika, imelipa sehemu ya gharama yake.

Wanaoondoka na wasioondoka

Mgeni huondoka. Hili ni jambo la kweli lenye uchungu, na sura iliyoliacha ingekuwa pungufu. Lawrence aliondoka Karkemishi. Dahoum alibaki, na hakuuona mwisho wa Vita Kuu, kwani maradhi ya miaka ile yalimchukua. Tarehe 10 Januari 1938, wakati wa uasi wa Waarabu wa Palestina, James Starkey, mchimbaji wa mji wa kale wa Lakishi, aliuawa njiani akielekea Yerusalemu kwenye ufunguzi wa jumba la makumbusho, kwa hiyo hatusemi kwamba mgeni hadhuriki. Ila hesabu ya jumla huelemea upande mmoja. Tarehe 18 Agosti 2015, Khaled al-Asaad, mzee aliyepita miaka 80, aliyeyatunza magofu ya Palmyra nchini Syria kwa muda mwingi wa maisha yake, aliuawa na kundi lile lile lililokuwa limeishika Jarabulus. Misafara ya kigeni ilikuwa imekwisha kuondoka Syria. Yeye alikuwa nyumbani kwake.

Na wako wanafunzi ambao neno jirani haliwafai, kwa kuwa vita viko ndani ya mtaa wao. Huko Gaza vijana wa Kipalestina walifundishwa kuhifadhi na kuchimba katika monasteri ya Mtakatifu Hilarioni, mahali paitwapo Tell Umm Amer, ambapo Julai 2024 paliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia na wakati huo huo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Katika vita vya mwaka 2014 Wapalestina waliouawa Gaza walizidi 2,000, na vilivyoanza Oktoba 2023 vimeua makumi ya maelfu. Mwanafunzi wa aina hiyo hangoji ubalozi umpigie simu. Kumtaja mgeni wa Ashkelon aliyehesabu sekunde, kisha kumwacha huyu, kungekuwa kukosa haki.

Sheria nayo ina neno. Mkataba wa Hague wa mwaka 1954 uliwekwa kwa ajili ya kulinda mali ya utamaduni wakati wa vita, na Itifaki yake ya Pili ya mwaka 1999 inakataza kuchimba katika nchi iliyokaliwa na jeshi la dola nyingine, isipokuwa pale inapolazimu kabisa kwa ajili ya kuokoa kitu kisiangamie. Mwanafunzi anayealikwa machimboni na aulize kwanza: ardhi hii ni ya nani, nani ametoa kibali, vitu vitalala wapi, na vibarua tunaowaajiri watapata nini sisi tutakapopanda magari? Mwalimu asiyeweza kuyajibu hayo hastahili kupewa watoto wa watu.

Amana ya maandishi

Nimesema kwamba daftari ndilo linalopanda cheo, nami nataka kuweka mashahidi wawili. Wa kwanza ni Lakishi. Starkey alipouawa, mwenzake Olga Tufnell aliyachukua madaftari, michoro na vigae, akavifanyia kazi kwa miaka ishirini, hata mwaka 1958 juzuu ya mwisho ikatoka. Na kitabu hicho kimekuwa kipimo cha vyungu vya nchi ile kwa vizazi vya wanafunzi ambao wengi wao hawalijui jina la mwanamke huyo.

Shahidi wa pili ametoka kwetu. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na Manda na ambaye aliiongoza Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki mjini Nairobi, alikwenda Aksum, Ethiopia, mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaanza kuchimba palipo na minara mikubwa ya mawe na makaburi ya wafalme. Mwaka 1974 mapinduzi yakamwangusha Mfalme Haile Selassie, na kazi ikakatika. Chittick alifariki mwaka 1984 bila kurudi huko kuimaliza. Mwaka 1989 Stuart Munro-Hay alipiga chapa taarifa ya machimbo hayo kwa kutumia kumbukumbu zilizobaki, na wachimbaji waliorudi Aksum katika miaka ya 1990 chini ya David Phillipson hawakuanza gizani. Lau madaftari yale yangeandikwa kwa uvivu, misimu ile ya jasho na fedha ingekuwa ni uharibifu mtupu.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Furati na Yerusalemu tu. Tangu Oktoba 2017 jimbo la Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, liko katika vita, nalo ni sehemu ya pwani yetu, yenye visiwa na miji ya mawe iliyofanya biashara na Kilwa. Na Tigray, ilipo Aksum, ilipigwa vita kuanzia Novemba 2020 mpaka Novemba 2022. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha akiolojia tangu miaka ya 1980, na vijana wake huenda machimboni kila mwaka. Amani waliyo nayo ni neema, lakini neema haina hati ya kudumu.

Kwa hiyo naliweka ombi langu mbele ya wanafunzi hao na walimu wao. Msimu usifungwe kabla nakala ya kila daftari haijawekwa mahali pawili, na moja ya nakala hizo ibaki katika nchi yenye ardhi. Taarifa ya mwaka huu ipigwe chapa kabla ya kuombwa fedha za mwaka ujao. Jina la nyapara na la kibarua aliyekiona kitu liandikwe kando ya jina la mwanachuoni. Na mafunzo ya msafara yasiwe ya mwiko peke yake; mwanafunzi afundishwe pia njia ya kuondokea, huduma ya kwanza, na lugha ya watu wa pale. Hayo hayahitaji fedha nyingi, na wakati wa kuyafanya ni sasa, nchi ikiwa shwari.